Relei Ilie Mara Moja Tu

Karibuni. Mliosimama mlangoni sogeeni mbele, maana leo kuna kitu cha kusikilizwa, si cha kutazamwa ubaoni tu.

Opampu, chipu ya kukuza volteji, wengi mnaijua kwenye redio, ikikuza sauti. Leo tunaitumia kama kilinganishi, yaani cha kulinganisha volteji mbili. Ukiondoa ile resista inayorudisha tokeo, yaani volteji inayotoka, kwenye mguu wa hasi, ukuzaji wa chipu kama LM358 unafika takriban mara 100,000. Yaani tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milivolti kati ya miguu miwili ya kuingizia inatosha kusukuma tokeo volti 10. Hapo chipu haikuzi tena, inaamua: mguu wa chanya ukizidi, tokeo linapanda, ukizidiwa, linashuka.

Taa yangu ya kwanza ya kujiwasha niliifunga kwenye ngazi za ploti yetu kule mtaa wa Umoja, Nairobi. Betri ya volti 12, resista ya mwanga, ambayo ukinzani wake hubadilika kwa mwanga, na relei, swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Saa kumi na mbili na nusu jioni, giza lilipoanza kuingia, relei ikaanza kulia: tiktiktiktik, kama cherehani. Ndani ya wiki mbili midomo yake, pale swichi inapogusana, ilikuwa imeungua, nyeusi kama masizi. Niliumia sana, kwa sababu majirani walikuwa wameniamini.

Kosa halikuwa la chipu. Giza likiingia, volteji inayotoka upande wa resista ya mwanga haishuki kama jiwe, inashuka ikitetemeka. Wingu linapita, mtu anapita na tochi. Inapokaribia ule mpaka wa kuwasha taa, inauvuka mara nyingi, na chipu inatii kila mara.

Dawa ni resista moja. Mguu wa chanya unapata volti 6 kutoka kwa resista mbili za kilo-omu 10 zinazogawanya volti 12 za betri nusu kwa nusu, na mguu wa hasi unasoma mwanga. Sasa unganisha kilo-omu 100 kutoka kwenye tokeo hadi mguu wa chanya. Tokeo likiwa chini, mpaka unakuwa karibu volti 5.7. Likipanda, linafika kama 10.5, maana LM358 haigusi 12, na mpaka wenyewe unasogea hadi karibu 6.2. Taa ikishawaka, mtetemo mdogo hauwezi kuizima. Lazima mwanga urudi kwa nusu volti nzima. Hiyo nusu volti ndiyo iliyokosekana Umoja. Lakini kama taa yenyewe inamulika resista ya mwanga, nusu volti haitoshi. Igeuze itazame kwingine.

Mkienda barabara ya Luthuli mjini Nairobi kununua, angalieni namba. LM393 ina mpangilio uleule wa miguu, nayo ni kilinganishi halisi, chenye kasi zaidi, ila tokeo lake linaweza kuvuta chini tu. Bila resista ya kulipandisha utakaa usiku kucha ukilaumu betri. Na opampu ya 741 kwa betri moja siishauri hata kidogo: tokeo lake la chini linaweza kubaki volti moja au mbili, na transista inayoendesha relei inataka takriban 0.7 tu ili ifunguke. Taa haitazimika.

Haya, bredibodi, ubao wa kujaribia saketi, ndiyo hii. Nimeichomoa ile kilo-omu 100. Dada wa mbele, funika resista ya mwanga kwa kiganja, polepole. Mnaisikia? Sasa narudisha resista. Funika tena, polepole vilevile.

Tak.