Waipa Mpya na Bado Huoni Mbele? Anza na Kioo

Habari zenu ndugu watazamaji. Nipo kijiweni kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini. Masika yameshaingia, na tangu wiki ianze simu zinazonijia ni za jambo moja tu: waipa.

Gari mnaloliona hapa nyuma ni la mama mmoja mwalimu. Limetoka Japani, bado halijamaliza mwaka hapa kwetu. Juzi usiku alikuwa anatoka Kasulu, mvua ikamkuta Kidahwe, na mpaka anafika Mwandiga alikuwa anaendesha kwa kukisia. Asubuhi akaja hapa. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaniambia hivi: "Mwanangu, waipa nimeweka mpya mwezi uliopita, na bado sioni. Lori likinijia na taa zake, kioo chote kinakuwa cheupe."

Shikeni maneno hayo ya mwisho: kioo chote kinakuwa cheupe. Waipa ikiwa mbovu inaacha mistari, au inaacha sehemu haikuguswa. Kioo kuwa cheupe chote mbele ya taa ni utando. Na utando hauondoki hata ukinunua waipa za bei gani. Kwa hiyo leo kabla hujatoa hela dukani, twende pamoja hatua kwa hatua.

Kwanza chukua kikombe cha maji safi, umwagie kioo taratibu kuanzia juu. Kamera isogee hapa. Mnaona? Upande huu wa kulia maji yanateremka kama shuka moja. Hapa katikati yanakatika, yanajikusanya matone matone kama maji juu ya jani la mgomba. Kama kioo hakijapakwa dawa ya kufukuza maji, basi hapo pana mafuta. Na sisi Kigoma mafuta tunayajua. Ukifuata lori lenye mapipa ya mawese kwa kilomita kumi tu, kioo chako kimeshapata sehemu yake. Mawese yanayeyuka vizuri kwenye joto la nyuzi 35 hivi. Asubuhi yetu ya masika haifiki huko, kwa hiyo yanagandia kwenye kioo kama samli, na waipa ikipita inayapaka tu kutoka huku kwenda kule. Ongeza moshi wa dizeli, ongeza utomvu wa mwembe uliopaki chini yake, ongeza kumbikumbi wa usiku ule mvua ilipokatika. Ndiyo hali ya kioo cha mama hapa.

Kabla ya kuosha, ingia ndani ukaangalie kijiti cha waipa. Kama kimewekwa AUTO, yaani waipa zijiwashe zenyewe, kirudishe OFF. Nitaeleza sababu mbele kidogo, lakini kwa sasa fanya hivyo, kwa sababu mikono yako inakwenda kuwa juu ya kioo.

Sasa kuosha. Beseni la maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kutia mkono bila kuutoa. Maji ya moto sana hapana, kioo baridi kinaweza kupasuka. Weka kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kama kuna kumbikumbi waliogandia, usiwakwangue wala usiwashe waipa juu yao. Lowesha gazeti au kitambaa, kitandike juu yao, kaa dakika 10. Watatoka wenyewe. Kisha sugua kwa sponji laini, kioo chote, mpaka kule chini ambako waipa zinalala, maana huko ndiko uchafu unakojificha na ndiko waipa inakouchukua kila inapopanda.

Suuza, halafu rudia kile kikombe cha maji. Yakikatika bado, pitisha kitambaa safi chenye spiriti kidogo, halafu suuza tena. Petroli, dizeli na mafuta ya taa visikaribie hapa. Vinaacha utando wao wenyewe na vinaharibu mpira. Na ukipeleka gari kuoshwa, tafadhali simama uangalie kitambaa. Kitambaa kilichopangusa rimu na dashibodi iliyong'arishwa kwa mafuta, ndicho hichohicho kinachomalizia kioo. Nenda na chako.

Nje tumemaliza, lakini nusu ya tatizo la mama ilikuwa ndani. Naweka tochi ya simu pembeni, mwanga ukipita kwa ubavu. Mnaona hilo wingu? Hakuna mtu aliyelipaka. Dashibodi ya plastiki ikipigwa na jua inatoa mvuke mwembamba ambao unakuja kukaa kwenye kioo, na gari ambalo plastiki zake bado mpya linatoa zaidi. Vumbi la kiangazi linakuja kulala juu yake. Mchana huwezi kuliona kabisa. Usiku taa ya lori ikilipiga, ndiyo ule weupe. Changanya siki na maji kiasi sawa, lowesha kitambaa, usinyunyizie moja kwa moja kwenye kioo, maana hapo juu nyuma ya kioo cha kati, kile cha kutazamia nyuma, kuna vifaa. Futa, kisha kausha kwa kitambaa kingine kikavu. Ndani futa kwa kwenda kulia na kushoto, nje futa kwa kupanda na kushuka. Ukibaki mstari utajua uko upande gani.

Sasa njooni hapo juu, nyuma ya kioo cha kati. Hiki kidude cheusi kilichogandia kwenye kioo ndicho kinachotofautisha magari haya na yale ya zamani. Ndani yake kuna sensa ya mvua. Inatuma mwanga ambao jicho halioni, unaingia kwenye kioo kwa mshazari, unagonga uso wa nje na kurudi. Tone la mvua likitua pale nje, sehemu ya mwanga inapotelea kwenye maji, kinachorudi kinapungua, na gari linajua mvua inanyesha. Ila sensa haijui maji ni maji. Inajua tu kwamba mwanga umepungua. Tope, utomvu, ufa, hata kioo kilichobadilishwa na sensa ikarudishwa ikiwa na kiputo cha hewa chini yake, vyote vinaweza kuifanya ipige waipa kwenye jua kali au ikae kimya mvua inamwagika.

Ndiyo maana kiangazi, Juni mpaka Septemba, nawaomba AUTO iwe imezimwa. Vumbi letu lina mchanga ndani yake. Waipa ikipita kavu juu ya mchanga, mpira unachanika na kioo kinapata mikwaruzo ambayo haiondoki kwa sabuni. Na ukienda kuosha gari, zima. Mtu akipitisha kitambaa chenye maji hapo kwenye sensa, na swichi iko wazi, mkono wa waipa unaruka na kumpiga vidole.

Karibu na sensa, magari mengi ya miaka hii yana kamera inayosoma mistari ya barabara na gari la mbele. Stika ya usalama barabarani, rozari, manukato ya kuning'iniza, visikae mbele yake. Na kioo cha namna hii kikivunjika, kukibandika kipya peke yake hakutoshi. Kamera inatakiwa kupimwa na kuelekezwa upya kwa mashine. Muulize fundi wa vioo swali hilo kabla hujampa hela.

Haya, tuje kwenye waipa zenyewe. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mpira ukiwa umelowa. Ukihisi vipengele kama meno ya msumeno, au ukiona umepinda upande mmoja na haurudi, huo umekwisha. Kwa jua letu, mwaka mmoja ni mwingi kwa mpira.

Lakini kuziinua ndipo kwenye hatari. Katika gari hili waipa zimelala chini ya ukingo wa boneti. Ukivuta kwa nguvu hivi hivi, mkono unagonga boneti na kuchubua rangi, au unapinda. Kuna hali maalumu ya matengenezo. Kwa magari mengi unazima injini, kisha ndani ya muda mfupi, haifiki hata dakika, unasukuma kijiti cha waipa na kukishikilia kidogo. Waipa zinapanda zenyewe na kusimama katikati ya kioo. Mengine kijiti kinasukumwa juu, mengine chini, mengine mara mbili, kwa hiyo fungua kitabu cha gari lako. Kama kitabu ni cha Kijapani, tafuta mchoro wa waipa, na simu nyingi siku hizi zinatafsiri maandishi ukielekeza kamera tu. Hizo hapo, zimepanda.

Sasa taulo. Likunje mara nne, ulitandike kwenye kioo chini ya mkono wa waipa. Naomba hatua hii usiiruke, nina sababu. Mwaka juzi nilikuwa nabadilisha waipa za mteja. Nimetoa ya zamani, mkono uko juu, chuma kitupu, nikageuka tu kuchukua mpya. Springi ikaurudisha. Ule mlio sijausahau. Ufa ulianzia chini ukapanda mpaka usawa wa macho ya dereva, na kioo kilikuwa cha kamera. Nilikilipa mimi, kwa mafungu, miezi mitano. Taulo lilikuwa kwenye kiti cha nyuma.

Ukishatandika, inua mkono, geuza waipa ilale mlalo, utaona kitufe kidogo pale kwenye kiungo. Kibonyeze, sukuma waipa kuelekea chini, itachomoka kwenye ndoana. Kupachika ni kinyume chake, mpaka usikie "tak". Usiposikia, haijakaa. Pima urefu kwa futi kamba kabla ya kwenda dukani, zote mbili, kwa kuwa hazilingani. Ya dereva kwa kawaida ndiyo ndefu. Ukizidisha urefu zitagongana katikati. Kama fremu ni nzima, uliza mpira peke yake. Waipa bapa za bei ya chini mara nyingi hazifuati mviringo wa kioo, na ndiyo hizo zinaacha katikati hapajaguswa siku ya kwanza tu.

Maji ya waipa, kwa haraka: mfuniko wenye picha ya kioo na maji, usichanganye na wa rejeta. Maji yachujwe, sabuni ya unga usitie, inaganda kwenye vitundu. Vikiziba, sindano nyembamba, kwa upole. Na majani ya mwembe chini ya boneti, pale kwenye mfereji, yatoe kwa mkono. Yakiziba, maji yanakosa njia na yanaingia ndani ya gari.

Kilichobaki ni ukungu wa ndani, na hapa watu wengi wanateseka bure. Mvua inanyesha, vioo vimefungwa, abiria wanne wamelowa, dakika mbili kioo kimefunga. Dereva anafuta kwa kiganja, na kiganja kina mafuta, tunarudi kulekule. Fanya hivi. Washa AC, hata kama kuna baridi, kwa sababu AC inakausha hewa. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ndiyo unyevu iliounyonya. Kisha peleka hewa kwenye kioo cha mbele, ongeza joto, na zima kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya gari, ili hewa iingie kutoka nje, isiwe ileile ya pumzi zenu. Kitaanza kufunguka kuanzia chini.

Ukifanya hayo yote na upepo unatoka dhaifu, angalia filta ya AC. Kwenye magari mengi ipo nyuma ya boksi la upande wa abiria. Naitoa hii ya mama mbele yenu. Tazameni. Rangi yake ilikuwa nyeupe. Hili ni vumbi la barabara yetu, na hili jani sijui hata la mti gani, yawezekana lilikuja nalo kutoka Japani. Hewa itapitaje hapo?

Ukungu ukiwa nje ya kioo, waipa inaufuta na unarudi, hapo mambo ni kinyume. AC imepoza kioo kupita kiasi usiku wenye unyevu. Punguza baridi au geuza matundu yasielekee kioo.

Tujaribu sasa. Mdogo wangu anamwaga maji kwa bomba, mimi nawasha waipa taratibu. Mstari ukibaki palepale kila waipa inapopita, ni mpira. Mstari ukihamahama, ni uchafu, rudi kwenye beseni. Upande wa dereva hauna kitu. Upande wa abiria upo mstari mmoja mwembamba, hapa, kwa urefu wa kiganja, na hauhami. Mpira wa mwezi mmoja, umechanwa na mchanga kwa sababu AUTO ilikuwa wazi kiangazi kilipokuwa kinaisha.

Nimeshampigia mama. Kioo kimefunguka, filta mpya imeingia, mpira wa abiria nimeagiza na ukifika naubadilisha bila kugusa fremu. Ameniuliza kama anaweza kurudi Kasulu leo jioni. Nimemwambia ndiyo, ila apite kwanza hapa nimwonyeshe kitufe cha hewa kwa mkono wake mwenyewe.