Kabla ya Kupanda, Tufundishe Kukata

Wazee wetu, wakufunzi wenzangu na wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa usimamizi endelevu wa misitu ya mikoko katika vituo vyetu vya mafunzo hapa Pwani ya Kenya, na wanaonifahamu wameshajua nielekeako. Nimesema, na nitazidi kusema hadi mtaala ubadilike, kwamba mwanafunzi anayehitimu akiwa amepanda miche elfu moja lakini hajachagua hata mti mmoja wa kukatwa na kueleza sababu za kuuchagua, huyo amefundishwa kupiga picha kwenye matope.

Najua pingamizi, kwa maana huletwa kila mara na kila mara kwa sauti ya huruma: msitu unaisha, nawe mwalimu wataka kuwapa vijana shoka? Ndiyo, nataka. Misitu hii ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Usafirishaji wa boriti kwenda nje ukapigwa marufuku mwaka 1982, baada ya karne nyingi za majahazi kuzipeleka Arabuni. Na mwaka 2018 Serikali ikasimamisha ukataji katika misitu yote ya umma. Katika muda wote huo watu wa Lamu, ambako kuna zaidi ya nusu ya mikoko ya nchi nzima, wameendelea kujenga nyumba. Mti utakatwa, kwa kibali au bila kibali, na aliyejifunza kupanda peke yake hatakuwa na neno la kumwambia mkataji.

Zoezi ninalolishikilia ni hili. Wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, tunaingia msituni na kuzungushia kamba mraba wa mita 10 kwa 10. Wanafunzi hupima kila mti ulio ndani. Wengi wao wamesoma kwamba unene hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, nao huduwaa wanapofika kwenye mkoko wenyewe, yaani ile aina yenye jina hilo miongoni mwa miti ya mikoko, ambao mizizi yake hutoka shinani juu ya kimo hicho. Hapo hulazimika kutafuta mzizi wa juu kabisa, wakapanda sentimita 30 zaidi, ndipo wazungushe utepe. Kisha kila mti huandikwa katika daraja lake kwa majina ya wakataji, kuanzia mwembamba hadi mnene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Mwisho nawapa chaki, watie alama kwenye miti ambayo wangeikata.

Huweka alama kwenye boriti zote zilizonyooka. Sijaona kundi lililofanya vinginevyo, na siwalaumu, kwa kuwa hivyo ndivyo soko linavyochagua. Ndipo nawaambia waitazame miti isiyo na alama, ambayo ndiyo ingebaki: fito ambazo hazijawa kitu, mabanaa makuukuu, na miti iliyopinda ambayo hakuna fundi atakayeitaka. Ukitazama kutoka mashuani utasema msitu huo umeshiba majani, maana kijani hakikupungua. Lakini mbegu zitakazoanguka hapo miaka ijayo zitatoka kwa ile miti iliyokataliwa. Basi hufuta chaki na kuanza upya, safari hii wakibakiza baadhi ya miti iliyonyooka iwe ya mbegu, na mabishano yanayozuka hapo yana faida kuliko mihadhara yangu yote, huu ukiwemo.

Mkataji mmoja mzee tuliyekuwa naye aliwaacha wabishane hadi wakaafikiana, kisha akawauliza: “Wanangu, mumemaliza kuchagua? Haya, nambieni mti huu utaangukia wapi.” Hakuna aliyekuwa amefikiria. Upande walioutaka ulikuwa umejaa miche iliyoota yenyewe, na boriti moja ingeivunja mingi kuliko ile ambayo wangeweza kupanda asubuhi nzima. Akawaonyesha pia visiki viwili: cha mchu, aina nyingine ya mikoko, kilichokuwa kimechipua, na cha mkoko, kilichokuwa kimekufa, kwa kuwa mkoko ukishakatwa shina hauchipui tena. Mwenye kulijua hilo hawezi kuikata miti hiyo miwili kwa kanuni moja.

Kuhusu upandaji, ambao ndio mlitaka niuzungumzie zaidi, nitasema machache. Mbegu ya mkoko ikichomekwa kwenye ukingo wa bahari unaostahimiliwa na aina iitwayo mlilana peke yake, itang'olewa na mawimbi, hata kama ilichomekwa na mheshimiwa. Kuhusu hewa ya ukaa, mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi umekuwa ukiuza hati za hewa inayohifadhiwa na miti tangu mwaka 2013 kutokana na hekta 117, na mapato yamesaidia maji na shule. Nao pia hutegemea vipimo vya mashina, kwa hiyo asiyejua kupima shina hawezi kukagua anachouziwa mnunuzi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi suala la sheria nitaliruka, ila nikumbushe kwamba Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inaviruhusu vyama vya jamii kushiriki katika usimamizi, na chama kisicho na mtu wa kuhesabu miti yake kitatia saini chochote kitakacholetwa mezani.

Ninachoomba kwa kituo hiki ni kwamba nusu ya siku za uwandani ziwe za kupima na kuchagua, na kwamba wakataji wenye uzoefu waajiriwe kuwa wakufunzi. Hao tumezoea kuwaita siku ya kufunga mafunzo, tukawapa soda na kofia. Walipwe posho ileile anayolipwa mhadhiri atokaye mjini, nami nikiwa mmojawapo, na walipwe siku hiyohiyo.