Jinsi ya kuijua lahaja ya hati kongwe ya Kibaski

Karibu tena. Leo tunafungua hati kongwe za Kibaski, lugha ya pale mpakani mwa Hispania na Ufaransa, tuone mwandishi alikuwa mtu wa wapi. Huijui lugha yenyewe? Usiogope. Mswahili akikuta "nti" mahali pa "nchi" hunusa Mombasa au Lamu papo hapo. Kazi ni hiyohiyo.

Anza na kitenzi cha "nina", maana ndicho kisaidizi pia, kwa hiyo hakikawii kujitokeza. Ukikuta dot, uko magharibi, Bizkaia au Araba, mikoa ya upande wa Hispania. Det ni ya Gipuzkoa na jirani zake. Dut ni ya mashariki. Tazama skrini: kushoto ni mswada wa Lazarraga, mtu wa Araba wa karne ya 16, ulioibuka mwaka 2004 tu. Dot hizo! Kulia ni kitabu cha kwanza kupigwa chapa kwa Kibaski, Bordeaux, 1545. Mwandishi wake ni Bernat Etxepare, padri wa Navarra ya Chini, mashariki, upande wa Ufaransa, naye anaandika dut.

Kisha tafuta shahidi wa pili: "pamoja na". Magharibi ni -gaz mwishoni mwa neno, kwingine ni -ekin au ndugu zake. Twende.

Sasa h, na hapa ndipo watu huteleza. Siku hizi h husikika upande wa Ufaransa, basi mtu akiiona tu anatangaza kwamba hati imetoka huko. Polepole! Navuta picha karibu. Hii ni orodha ya mwaka 1025 ya vijiji vya Araba vilivyotozwa vyuma na monasteri ya San Millán. Soma jina hili: Hurivarri. Ifunike h kwa kidole. Uri ni mji. Mashariki wangesema hiri. Varri ni barri, "mpya", kwa kuwa waandishi wale hawakujali b na v; mashariki ni berri. Sehemu zote mbili ni za magharibi, na h imekaa mbele! Araba ya wakati ule ilikuwa bado inaitamka.

Kwa hiyo angalia mwaka kabla ya kuiamini h. Ningekupa hatua hii mwanzo kabisa, ila haiingii akilini mpaka umeona Hurivarri. Ukifungua ramani ya Araba leo utakuta vijiji vinavyoandikwa Ullíbarri: h imekwenda zake, barri ipo palepale.