Skyrim: gemu isiyojua kukunyima kitu

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Nimeambiwa niongelee Skyrim, ile gemu ya majoka na mapanga, na najua humu ndani kuna wawili watatu wanajiuliza gemu ya tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 2011 tunaitafutia nini leo. Tunaitafutia kwa sababu watu bado wanaicheza, na Bethesda, kampuni iliyoitengeneza, wameiuza na kuiuza tena, wakatoa Special Edition 2016, wakaipeleka kwenye mashine ya Nintendo Switch 2017, wakaja na Anniversary Edition 2021, na sisi tukanunua tu.

Mimi hii gemu naipenda na inanikera, na nikichimba naona utamu na kero vinatoka shimo moja. Skyrim inaogopa kukwambia hapana.

Tuanze na utamu. Mwanzoni kabisa shingo yako iko kwenye gogo pale Helgen, shoka limeshanyanyuliwa, joka Alduin linatua mnarani mji unawaka moto na we unatoroka. Baada ya hapo gemu inakuachia kamba, nenda unakotaka. Wengi tunashuka kijiji cha Riverwood, unaingia dukani unamkuta Lucan anabishana na dada yake Camilla, wameibiwa mguu wa dhahabu wenye kucha. Basi unapanda mlima hadi kaburi la kale, Bleak Falls Barrow. Mle ndani mwizi mwenyewe, Arvel, kanasa kwenye utando wa buibui jitu, anakulilia umfungue, ukimfungua tu shukrani yake ni kutimua mbio na mzigo, sasa mbele kule kuna maiti za kale wanaziita draugr, zinaamka, na mara nyingi unamkuta ndugu yetu kashalala chini. Unampekua unachukua dhahabu yako pamoja na kidaftari chake. Unafika mlango wa mawe una pete tatu zenye picha za wanyama, unazungusha weee hamna kitu. Kumbe kidaftari kinasema jibu liko kiganjani mwako, unafungua begi, unaushika ule mguu wa dhahabu unaugeuza chini juu, unaona picha tatu zimechorwa kiganjani: dubu, nondo, bundi. Mlango unafunguka.

Hapo sijataja ukuta wa maneno unaokufundisha neno la kwanza la sauti ya majoka, Fus, wala lile draugr kubwa linalochomoka kwenye jeneza nyuma yako. Ukimaliza hurudi ulikotoka, kuna njia ya nyuma inakutoa upande wa pili wa mlima, unatokea unaliona ziwa liko chini yako. Aliyepanga kaburi lile alikaa akamuwaza mchezaji hatua kwa hatua, na mapango ya namna hiyo mle ndani ni mengi sana, mengine hujaelekezwa na mtu yeyote, umepita tu njiani ukaona mlango.

Halafu ule mfumo wa kukua. Ujuzi uko wa aina 18 na hakuna kuchagua mwanzoni kwamba mimi mchawi, mimi askari. Ukipiga upinde unakuwa mpiga upinde, ukipatana bei kwa maneno matamu na wenye maduka bei zinashuka, na ukifua visu vya chuma vijijini usiku kucha unakuwa mhunzi mkubwa (hiyo ya visu waliistukia wakaibana kwenye apdeti). Kinachochekesha ni kwamba wote tunaanza na mipango, mara hii nacheza mchawi mtupu, wiki mbili baadaye unajikuta umechuchumaa gizani na upinde. Nyoosheni mikono ambao hayajawakuta. Naona hamna.

Sasa kero. Kule mji wa Whiterun yuko bwana mmoja anaitwa Nazeem, mnamjua. Anakuuliza kama huwa unafika Cloud District, mtaa wa wakubwa wa mji, kisha anajijibu mwenyewe kwamba aa wapi, wewe? Siku ya kwanza inachekesha. Lakini we umeshaua joka nje ya mji ule ule, mkuu wa mji kakupa Thane, cheo cha heshima, mbele ya watu, una nyumba mle mle, umepanda mpaka mbinguni Sovngarde umemmaliza Alduin, unarudi mjini umechoka Nazeem anakuuliza swali lile lile. Mtu kama huyo hata habari hasikii jamani?

Na chuo cha wachawi pale Winterhold ndio kabisa. Mlangoni dada mmoja anakutaka upige uchawi mmoja kama mtihani, na kama huujui anakuuzia yeye mwenyewe, yaani msimamizi anauza majibu getini. Unapita, unafanya misheni kadhaa, nyingi unazimaliza kwa shoka, mwisho wanakukabidhi joho la mkuu wa chuo. Uchawi wako wa kuhesabu vidole vya mkono mmoja. Na ukitoka hapo unakwenda kuongoza Companions, kundi la wapiganaji, unaongoza wezi wa Riften, unaongoza na wauaji wa Dark Brotherhood, vyote kwa mpigo, na hakuna kundi hata moja linalokuuliza mbona tumekuona na wale.

Ni kama mwenyeji ambaye kila ukisema nimeshiba anakuongezea wali. Wakubwa humu mtakumbuka Morrowind ya 2002, hao hao Bethesda. Kule kupanda cheo ilikuwa lazima ujuzi wako ufike kiwango, la sivyo unaambiwa karudi ukafanye mazoezi. Zile koo kubwa ukijiunga na moja nyingine umezikosa. Na ukimuua mtu muhimu kwenye hadithi gemu inakutaarifu umeshaharibu, rudi kwenye sevu yako au endelea kuishi kwenye dunia uliyoivunja mwenyewe. Skyrim mtu muhimu ukimpiga anapiga goti, anapumua, anainuka. Unampiga tena, anapiga tena goti.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe navyo, waasi wa Stormcloaks na Dola, vilikuwa na nyama kweli kweli, kwa sababu Ulfric, kiongozi wa waasi, ana hoja na ana ubaguzi pia, na Dola ina sheria lakini imesaini mkataba wa aibu. Mada ya watu wazima kabisa. Halafu unashinda, wakuu wa miji wanabadilishana viti, askari wanabadilisha nguo, na muuza kabichi anaendelea kuuza kabichi.

Bagi, yaani hitilafu za gemu, sitaki nikae sana. Waliokuwa na PlayStation 3 wanajua, sevu ikinenepa gemu inaanza kutembea kwa magoti. Kuna apdeti moja 2011 hiyo hiyo ilifanya majoka yaruke kinyumenyume. Tulicheka, tukasamehe, labda tulisamehe mapema mno.

Waliookoa jahazi ni watu wa modi, wachezaji wanaoibadilisha gemu wenyewe. Menyu ile ya kompyuta ilikuwa mateso, wakaja na SkyUI, modi inayoipanga upya. Bagi nyingi zilizoachwa wakazifuta wao kwa ile pachi isiyo rasmi, yaani marekebisho yao wenyewe, bure. Ndio maana Aprili 2015 Valve, wenye duka la gemu la Steam, na Bethesda walipojaribu kuzifanya modi za kulipia, mtengenezaji akipata asilimia 25 tu, watu waliwaka mpaka mpango ukafutwa ndani ya siku chache.

Kuna kijana ameandika swali hapa, anataka kuanza leo, aanzeje. Chukua Special Edition kwenye kompyuta, weka hiyo pachi na SkyUI, basi, usijaze modi mia kabla hujaijua gemu. Ningekushauri uzime na ule mshale unaokuonyesha pa kwenda, ila utakwama, maana watu wa Skyrim wakikutuma hawakuelekezi njia, wanakuwekea alama kwenye ramani wamemaliza. Morrowind walikuwa wanakuelekeza, vuka daraja, pita kulia kwa mwamba, na mara nyingine walikuelekeza vibaya. Kwa hiyo uache mshale uwashwe, lakini njiani ukiona mlango kwenye jiwe achana na mshale uingie.

Haya, yule dada wa pembeni ulikuwa umenyoosha mkono, uliza.