Hasira ya Isimani inapimwa na nani?

MNYALU: Kamwene wasikilizaji, kamwene dada.

DADA TUKU: Kamwene. Mbona sauti imekauka, ni ile mahakama ya Jumanne?

MNYALU: Ndo hiyo. Nilimsindikiza shangazi mahakama ya mwanzo, mirathi ya babu, karatasi zote kwenye bahasha ya kaki kaifunga na uzi wa sweta, tumekaa kwenye benchi toka saa mbili na baridi ile, tunaitwa saa sita. Baba mdogo akasimama mbele ya hakimu akamwambia, wewe umeshaolewa, hapa kwetu unadai nini? Shangazi hakujibu, dada. Akawa anaufungua ule uzi anaufunga, anaufungua anaufunga.

DADA TUKU: Jamani, pole yake. Na hakimu?

MNYALU: Alimnyamazisha, kesi ikaahirishwa. Ila mimi damu ilichemka, tumepanda daladala, tunapita Chuo cha Kleruu, mawazo yote yakaenda kwa Mwamwindi.

DADA TUKU: Aa, Mnyalu, leo mada yetu ni kukata rufaa! Nimeandaa pointi tatu.

MNYALU: Tutafika. Krismasi ya 1971, Isimani, Said Mwamwindi mkulima, Dokta Kleruu mkuu wa mkoa anasukuma vijiji vya ujamaa. Wakajibizana shambani, Mwamwindi akampiga risasi, akaupakia mwili kwenye gari la marehemu akauendesha mwenyewe hadi polisi Iringa. Muuaji wa kupanga anajipeleka?

DADA TUKU: Hiyo inaonyesha alivyokuwa baada ya kuua, haisemi kabla.

MNYALU: Sikia sasa. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 202, hasira ya kuchokozwa inapimwa kwa mtu wa kawaida wa jamii ya mshtakiwa. Jamii yake! Na aliyepima ni Jaji Onyiuke, mtu wa Nigeria, akaukataa utetezi, 1972 akamhukumu kunyongwa. Mimi nasema ile ilikuwa kuua bila kukusudia.

DADA TUKU: Kutoka Nigeria siyo kosa, na enzi hizo jaji alikaa na wazee washauri wa kumpa maoni.

MNYALU: Ambao maoni yao hayamfungi!

DADA TUKU: Sawa, lakini ili iwe kuua bila kukusudia, kifungu cha 201 kinataka uue ghadhabu haijapoa. Yule aliingia ndani kuchukua bunduki.

MNYALU: Dakika ngapi hizo?

DADA TUKU: Hata moja ni nyingi ukiwa unatembea kuifuata silaha. Na nikuulize, shangazi katukanwa kwao, mbele za watu, akafunga uzi. Yeye siyo mtu wa kawaida wa jamii hiyohiyo?

MNYALU: Shangazi... shangazi amefundishwa kumeza toka mtoto.

DADA TUKU: Kwa hiyo mtu wa kawaida ni mwanaume tu? Sikubali, mdogo wangu, nakwambia kabisa.

MNYALU: Na mimi sikubali mtu adharauliwe kwenye shamba lake halafu mahakama ihesabu hatua zake.

DADA TUKU: Kleruu naye alikuwa mtoto wa mtu.

MNYALU: Sijakataa.

DADA TUKU: Haya, muda umeisha na pointi zangu zote nimebaki nazo. Kwa harakaharaka tu, kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya una siku 30 za kukata rufaa, msizichezee. Mengine wiki ijayo. Shangazi anarudi lini?

MNYALU: Alhamisi.

DADA TUKU: Nakuja kukaa naye. Ndaga, wasikilizaji.

MNYALU: Ila ilikuwa ghadhabu, dada.

DADA TUKU: Aliifuata bunduki.