Mvua Imenyesha Dodoma, Maji Yamefika Wapi? Namna ya Kupima Unyevu wa Udongo Shambani

Karibuni, watazamaji. Nipo shambani kwangu Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima kwa wastani haifiki milimita 600 na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kipimamvua kinaonyesha milimita 18 za usiku wa jana, yaani lita 18 kwa kila mita moja ya mraba. Sasa tutazame ni kiasi gani kilichoingia ardhini.

Chimbeni shimo la sentimita 40. Kushika jembe siwafundishi. Tazameni ukuta wake: juu udongo ni mwekundu uliokolea, kisha, kwenye sentimita 9, rangi inapauka ghafla. Hapo ndipo maji yalipoishia. Samahani, kivuli changu kimefunika shimo. Nahamia upande wa pili. Naam, sasa panaonekana.

Chukueni udongo wa kina cha sentimita 5, mutie koponi na kufunika papo hapo, kabla jua halijaiba maji. Lakini kopo lipimwe kwanza likiwa tupu. Narudia: likiwa tupu, na uzito uandikwe juu ya mfuniko. Msimu uliopita nilijaza makopo 12 bila kupima hata moja, nikabaki na udongo uliookwa vizuri usiokuwa na faida yoyote, na mke wangu akauliza kama tutaula kwa mlenda.

Okeni kwa nyuzijoto 105 kwa saa 24, mfuniko ukiwa wazi. Kopo langu lina gramu 40; pamoja na udongo mbichi lilikuwa 160, baada ya kukauka 148. Maji ni gramu 12, udongo mkavu 108. Gawanyeni 12 kwa 108, si kwa 120 za udongo mbichi, mpate unyevu wa asilimia 11. Uzito wa kopo tupu mliuandika, sivyo?

Sasa njooni hatua kumi tu kutoka hapa, penye matuta niliyoyafunika kwa mabua ya mtama: mvua ni ileile, lakini unyevu umefika sentimita 16. Kule kwenye udongo mtupu matone yaliupigapiga uso, vumbi laini likaziba vitundu, likajifanya gamba, na maji yaliyosalia yakatiririka kuelekea korongoni. Mvua ya milimita 4 au 5 hailowanishi zaidi ya vidole viwili, nayo jua huimaliza upesi.

Fukieni mashimo. Keshokutwa tutachimba hatua moja kando yake, si humohumo, kwa kuwa udongo uliotifuliwa hukauka haraka kuliko mwenzake.