Matabibu walionyimwa kinywaji cha soma

Karibuni jamani, sogeeni huku mbele viti bado vipo. Leo ni Ayurveda, tiba ya jadi ya Wahindu, ila sigusi mizizi wala mafuta yake, nataka tusikie wenyewe wanasimulia ilitoka wapi.

Anayejulikana zaidi ni Dhanvantari, mungu wa tiba. Miungu na maasura, yaani mapepo maadui zao, waliungana kupekecha bahari ya maziwa, mlima Mandara ndo ukawa upekecho, nyoka Vasuki akawa kamba, hawa wanavuta huku wale kule, na mungu Vishnu kajigeuza kobe kaubeba mlima mgongoni usizame. Wengine husimulia kwamba kilichotangulia kutoka ni sumu, inaitwa halahala (si ile yetu ya mti na macho), mungu Shiva akainywa akaibana kooni mpaka koo likawa bluu, ndo baadaye akaibuka Dhanvantari na chungu cha amrita, kinywaji cha kutokufa. Wanamkumbuka mpaka leo siku ya Dhanteras, Diwali, sikukuu yao ya taa, inapokaribia.

Lakini mimi wanaonigusa hasa ni Ashvin, mapacha, matabibu wa miungu. Kwenye Rigveda, kitabu chao cha kale cha nyimbo za dini, kuna mama anaitwa Vishpala, mguu ulikatika vitani, wakamwekea wa chuma. Kuna mzee Chyavana, mwili umekwisha kabisa, wakamrudishia ujana. Sasa malipo yao? Walinyimwa soma, kile kinywaji cha miungu, eti kwa sababu wanazungukazunguka kwa binadamu kutibu watu! Yaani kosa lao ni kugusa wagonjwa, inaniuma kila nikiisoma. Chyavana akasema hawa nitawapa mimi, akawamiminia, Indra, mfalme wa miungu, akainua radi ampige nayo, mkono ukaganda hukohuko juu hautoki, mpaka akakubali.

Sasa shikeni silsila ya walimu ilivyo kwenye Charaka Samhita, kitabu cha kale cha Ayurveda: mungu Brahma akamfundisha Daksha, Daksha akawafundisha Ashvin, na Ashvin wakamfundisha nani? Indra, yuleyule! Magonjwa yalipozidi duniani, watu hata kufunga na ibada haviwezekani, wahenga wakakusanyika kwenye miteremko ya Himalaya wakaulizana nani ataenda kwa Indra kuomba elimu hiyo, Bharadvaja akasema nitumeni mimi. Akaenda, akasoma, akarudi akawagawia wenzake. Atreya, mmoja wa wahenga hao, naye akafundisha wanafunzi sita, na katika hao sita Agnivesha ndo akawa wa kwanza kuitungia kitabu.